Tembo wa Dodoma Apewe Ukuta

Simulizi ya Wagogo yaeleza kwamba tembo mmoja alikwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akadidimia matopeni. Mahali hapo pakaitwa Idodomya, yaani palipodidimia, na ndipo lilipotokea jina la Dodoma. Makao makuu ya Taifa, basi, yamebeba kumbukumbu ya mnyama. Ni haki kuuliza kama kuta za majengo ya umma zinaitunza kumbukumbu hiyo.

Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973. Tangu mwaka 2016 utekelezaji wake umeongezeka kasi, na ofisi za wizara zimejengwa Mtumba. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Hata hivyo, jengo la umma si dari na madirisha tu. Ni kitabu kinachosomwa na kila apitaye, hata asiyejua kusoma.

Wapo watakaosema kwamba kuchonga wanyama ukutani ni anasa, hali shule zinahitaji madawati. Hoja hiyo ni nzito. Lakini rangi hupauka kwa jua kali la uwanda wa kati, ikahitaji kupakwa tena na tena. Mchongo wa jiwe hudumu vizazi. Mawe Dodoma yamejaa, na wachongaji hodari nchini wapo.

Wala jambo hili si la kuigwa ugenini. Ni kweli kwamba mjini Berlin lango la bustani ya wanyama, lililojengwa mwaka 1899, limebebwa na tembo wa mawe. Lilipobomolewa vitani, lilijengwa upya. Lakini huko Kolo, wilayani Kondoa, wazee wa kale walikwisha kuchora twiga, pofu na tembo katika kuta za miamba, karne nyingi kabla ya Berlin kuwa mji. Mwaka 2006 michoro hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, baadhi yake imeharibiwa kwa kukwaruzwa na kumwagiwa maji na watu wasiojua thamani yake.

Hapo ndipo ulipo uzito wa shauri hili. Mtoto aliyezoea kumwona twiga wa Kondoa amechongwa penye mlango wa shule yake hatamkwaruza yule wa mwambani. Maofisa wanaopitisha ramani za majengo watenge ukuta mmoja. Walimu wawapeleke wanafunzi Kolo wakajifunze. Tembo aliyezama matopeni aliuachia mji jina. Haifai azame mara ya pili, katika usahaulifu.