Nani Alipe Gharama ya Kuupima Udongo?

Mintarafu ya ardhi iliyoingiwa na sumu, aghalabu wenye mamlaka hufanya haraka kuondoa kile kinachoonekana kwa macho, na wakishakiondoa huandika kwamba kazi imekwisha. Walakini yaliyotokea Vikuge, wilayani Kibaha, yatosha kutubainishia kasoro ya mwenendo huo. Mwaka 1986 ililetwa katika shamba lile la malisho, lililo mali ya Serikali, shehena ya takriban tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki, baadhi yake vikiwa vimekwisha muda wake, vikawekwa katika banda lililo wazi, na hatimaye banda lenyewe likaporomoka. Mabaki yakazolewa. Baadaye wataalamu wakaenda kuchota udongo na maji, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004 wakaonyesha kwamba udongo wa juu, pale palipoharibika kupita kiasi, ulikuwa na DDT hadi asilimia 28: yaani katika ratili mia za udongo ule, ratili 28 zilikuwa sumu. Walipochimba hadi sentimita 50 waliikuta ingalipo, na katika maji ya kisima pia waliikuta.

Hakuna mwanakijiji ambaye angaliweza kuyajua hayo kwa kuonja maji au kwa kuutazama udongo, hata awe mkulima hodari namna gani, kwa kuwa kazi hiyo yataka maabara, kemikali na mtu aliyesomea, na hivyo vyote viko mjini na vyote vina bei. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakubali kanuni ya kwamba aliyechafua ndiye alipe, nayo ni kanuni ya insafu; lakini kabla ya kumdai mtu sharti deni lithibitike, na ithibati ndiyo hasa asiyoweza kuinunua maskini. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, ilipohukumiwa mwaka 2020 kwamba walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa ajili ya madhara ya madini ya risasi, hukumu ambayo ilibishaniwa tena katika mahakama za juu, walikuwa wamekwisha kupimwa damu, na udongo wao umekwisha kupimwa. Lau wangalikwenda mahakamani na malalamiko matupu, nani angaliwasikiliza? Na huko Vikuge, ambako mleta shehena yuko ng'ambo na mwenye shamba ni Serikali yenyewe, kijiji kimdai nani?

Wako wasemao kwamba fedha za kupimia ni afadhali zijenge zahanati, na kwamba kupima bila uwezo wa kusafisha ni kuwatia watu hofu na kuiharibu bei ya ardhi yao. Hoja ya bei si ya kudharauliwa, kwani shamba ndiyo akiba ya pekee waliyo nayo wengi. Hata hivyo naiona dhaifu, maadam yapo mengi yafanywayo kwa gharama ndogo mara mahali pa sumu panapojulikana: kuzungushia ua, kuzuia mifugo isilishwe hapo, kukifunga kisima kimoja na kuchimba kingine upande wa pili, na hayo hayawezekani kwa kubahatisha. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2002, ruzuku ya kupima imetengwa mbali na ruzuku ya kusafisha, hata mji mdogo ukaweza kujua hali ya kiwanja chake kabla hajajulikana wa kukisafisha.

Kwetu sheria ile ile ya 2004 iliunda Mfuko wa Taifa wa Dhamana ya Mazingira. Fungu maalumu la vijiji na litengwe humo, litoshe kupima kabla ya usafishaji na kurudia baada yake, na liwe na sharti moja ambalo mimi nisingelilegeza: matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Ya Vikuge yalichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la Ulaya.