FARASI ANA SIKU YA KUPUMZIKA, MWALIMU WAKE HANA

Ndugu Wanachama,

Najua wako watakaoona neno farasi katika karatasi yetu na kusema, "Huyu naye amepotea njia." Nawaomba mnivumilie kidogo. Sisi watu wa reli hupima injini zetu kwa nguvu za farasi. Kipimo hicho alikieneza James Watt wa Uskoti, zaidi ya miaka 200 iliyopita, alipotaka wenye mali wafahamu injini ya mvuke yaweza kushika kazi ya farasi wangapi. Kazi ya farasi basi ilihesabiwa zamani sana. Habari ninayoleta leo ni ya mtu afanyaye kazi na farasi, ambaye kazi yake haijahesabiwa.

Mtu huyo ni shemeji yangu. Ameajiriwa katika shule moja ya kupanda farasi upande wa Karen, hapa Nairobi. Aliingia pale kama saisi, yaani mtu wa kulisha, kusugua na kusafisha banda. Baada ya miaka michache tajiri aliona ya kuwa farasi wakali humtii, na watoto humpenda, akampa kazi ya kufundisha farasi na ya kufundisha watu kupanda. Kazi ilibadilika, lakini jina halikubadilika. Katika karatasi ya mshahara yeye ni saisi mpaka leo. Huongezewa fedha kidogo kwa kila somo alilofundisha, na somo ni dakika 45.

Mwezi uliopita nilimwambia achukue daftari ya mtoto aandike juma lake lote. Aliandika, nami nikajumlisha. Sikilizeni.

Kila siku yeye hufika saa 11 alfajiri. Farasi mzima wa kadiri ya kilo 450 hula kama kilo 10 za majani makavu na nafaka kwa siku, naye hunywa maji lita 25 au zaidi, yote ya kubebwa kwa ndoo. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, kwa hiyo hulishwa kidogo kidogo, mara nyingi. Tena farasi hawezi kutapika. Akila vibaya, au akilishwa ovyo baada ya mbio, tumbo laweza kumsokota na aweza kufa. Kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza lazima mtu atazame kila farasi: amekula? amekunya? miguu haina joto? mgongo hauna kidonda cha tandiko?

Halafu ni kazi ya kufundisha farasi wenyewe. Wengine wametoka uwanja wa mbio wa Ngong, ambao ulifunguliwa mwaka 1954. Farasi wa mbio amefundishwa jambo moja tangu utoto, nalo ni kukimbia. Ukivuta hatamu asimame, yeye huegemea lijamu na kuzidisha mwendo, kwa kuwa ndivyo alivyozoezwa. Farasi huyo huwezi kumpa mtoto wa miaka 9. Kwanza shemeji humzungusha kwa kamba ndefu, kulia na kushoto, mpaka ajue sauti ya kutembea, sauti ya kwenda matiti, na sauti ya kusimama. Kisha humpanda mwenyewe, siku baada ya siku, akimfundisha kwamba mguu ukigusa ubavu si amri ya kwenda shoti. Kazi hiyo yaweza kuchukua miezi mingi, na akianguka, huanguka yeye. Katika miezi hiyo yote hakuna somo lililouzwa, kwa hiyo hakuna fedha ya somo iliyolipwa.

Saa 8 mchana watoto huanza kuja kutoka shule. Hapo ndipo juma lake huwa kama mtu abebaye mitungi mitatu kichwani. Mtoto huyu anaogopa, ataka farasi mzee aliye mpole. Yule ana mkono mzito, akipewa farasi mwepesi wa kinywa atamwumiza. Farasi wa tatu ameota kidonda, hafai kupandwa, basi masomo ya siku yote yapangwe upya. Mvua ikinyesha mama mmoja apiga simu kuahirisha, mwingine aja na watoto wawili badala ya mmoja. Kati ya somo na somo kuna kuvua tandiko na kutia jingine, na tajiri hataki mteja angoje.

Sasa hesabu. Jumanne mpaka Ijumaa ni saa 10 kila siku, jumla saa 40. Jumamosi saa 11. Jumapili saa 8. Jumatatu shule imefungwa, lakini farasi hawajui kufunga, hivyo yeye hufanya saa 6. Jumla ni saa 65 katika juma, bila siku hata moja ya kupumzika. Masomo yalikuwa 23, maana yake saa 17 na dakika 15. Alipokwenda kwa heshima kuomba siku moja akae na watoto wake, alijibiwa, "Wewe wafundisha saa 17 tu kwa juma. Wapumzika kila siku."

Ndugu zangu, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike.

Hebu tutazame kazi yetu wenyewe. Dereva wa gari la moshi haanzi kazi gari linapotoka stesheni. Huanza anapotia sahihi kitabu, kwa sababu injini lazima ikaguliwe, breki zijaribiwe, na karatasi zisomwe. Zamani za mvuke moto uliwashwa saa nyingi kabla ya safari. Kama reli ingelipa watu kwa dakika ambazo magurudumu yanazunguka, mimi niunganishaye mabehewa ningelala njaa, na abiria angesafiri kwa hatari. Somo la dakika 45 ni gari la moshi linaloonekana na abiria. Kazi ya alfajiri ni karakana. Hakuna gari salama bila karakana, wala hakuna mtoto salama juu ya farasi asiyefundishwa.

Nawapa mfano. Jumamosi moja, katika somo la 6, shemeji alimpandisha mtoto juu ya farasi jike mzee. Farasi wengi huvimbisha tumbo wakati wa kufungwa mkanda wa tandiko, wakipumua mkanda hulegea, kwa hiyo sheria ni kuukaza tena kabla ya kuanza. Siku hiyo alisahau kuukaza mara ya pili. Tandiko lilizunguka, mtoto akaanguka mchangani. Kwa neema ya Mungu hakuumia. Shemeji alikatwa fedha ya masomo ya siku ile.

Usiku alinieleza akiwa ameinamisha kichwa. "Shemeji," akasema, "mkanda ule naufunga hata nikiwa usingizini." Nikamjibu, "Basi siku ile ulikuwa usingizini." Mimi sisemi hakukosa. Alikosa, na mwenyewe akubali. Lakini mtu aliyesimama tangu saa 11 alfajiri, juma la tatu bila kupumzika, kichwa chake si kamili. Sisi tunaofanya kazi kati ya behewa na behewa twajua vizuri kwamba uchovu hukata vidole. Kumkata mtu fedha hakukazi mkanda wa Jumamosi ijayo. Siku ya kupumzika ingeukaza.

Wako watakaosema, "Farasi ni mchezo wa matajiri, yatuhusu nini?" Mchezo ni wa matajiri, lakini jasho ni la nani? Hata behewa la daraja la kwanza huunganishwa na mkono wa mtu wa daraja la tatu. Wengine watasema tajiri naye ana mzigo, farasi hula hata siku ya mvua ambayo hakuna masomo. Ni kweli, nami simwonei. Majani, daktari wa mifugo na mtu wa viatu vya farasi, wote hulipwa, na bei ya somo huhesabiwa ili iwatoshe. Nauliza tu kwa nini hesabu hiyo hukumbuka majani na kumsahau mtu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tena hatuombi sadaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yasema mfanya kazi apate angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7. Amri ya Mishahara ya jumla hutaja saa 52 kwa juma zikigawanywa katika siku 6, na zinazozidi hulipwa moja na nusu. Katika saa 65, zilizozidi ni 13. Sheria hiyo ya Ajira yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, pamoja na jina la kazi na saa zake, na mashauri yakifika mahakamani bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia katika chama.

Basi maoni yangu ni haya.

Kwanza, kila mfanya kazi ambaye saa zake hazionekani, awe wa farasi, wa jikoni, wa bustani au wa lori, aandike saa zake kila siku katika daftari, kwa tarehe. Daftari ya shilingi chache yaweza kusema pale ambapo mdomo waogopa.

Pili, jina la kazi liwe la kweli. Afundishaye ni mwalimu, na aandikwe mwalimu. Jina la saisi si aibu, ni kazi ya heshima, lakini lisitumiwe kama gunia la kufichia kazi nyingine mbili.

Tatu, watu wa mabanda ya farasi ni wachache mahali pamoja, 4 hapa na 6 pale, nao hudhani chama ni cha watu wa viwanda vikubwa tu. Wewe mwanachama unayekaa karibu nao, zungumza nao njiani na kanisani. Wakati sisi tulipokuwa hatujui haki zetu, kuna waliotuambia.

Nne, mtu asiende peke yake mbele ya tajiri. Shemeji alikwenda peke yake akarudi na jibu la saa 17. Safari hii watakwenda wote 5 pamoja, na daftari mkononi, kwa adabu.

Namalizia na jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilipomtembelea, nilikuta ukutani ubao wenye majina ya farasi wote, yameandikwa kwa chaki. Mbele ya kila jina kuna siku za kazi na idadi ya masomo, na hakuna farasi anayeruhusiwa kuzidisha. Chini ya Jumatatu, mbele ya kila farasi, limeandikwa neno moja: PUMZIKA. Ni jambo jema, kwa kuwa mnyama hawezi kujisemea. Aliyeandika ubao ule kwa mkono wake mwenyewe ni shemeji yangu, na jina lake halimo.

Chaki ipo, na nafasi chini ya ubao ipo. Twataka mstari mmoja tu uongezwe.

Wenu katika umoja,
Mfanya kazi wa Reli, Nairobi