LONDON HADI SYDNEY: NJIA NI ILE ILE, SAA SI ZILE ZILE

Kati ya London, mji mkuu wa Uingereza, na Sydney, mji mkubwa wa Australia, pana umbali wa kilomita zipatazo 17,000 kwa njia iliyo fupi kupita zote angani. Umbali huo haujapungua. Kilichopungua ni muda wa kuuvuka.

Tarehe 12 Novemba 1919, ndugu wawili Waaustralia, Ross Smith na Keith Smith, pamoja na mafundi wawili, waliondoka London kwa ndege ya injini mbili. Walitua Darwin, kaskazini mwa Australia, tarehe 10 Desemba, siku ya ishirini na nane. Serikali ya Australia ikawazawadia pauni 10,000. Mwaka 1947, shirika la Qantas lilianzisha safari za abiria kutoka Sydney hadi London kwa muda wa siku 4, ndege ikitua Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli. Mwezi wa Machi 2018, ndege ya shirika hilo hilo ilitoka Perth, magharibi mwa Australia, ikafika London bila kutua popote: kilomita zipatazo 14,500 kwa muda wa saa 17 hivi.

Hata hivyo, saa hizo 17 hazionekani katika tiketi. Saa ya kuondoka huandikwa kwa majira ya mji wa kuondokea, na saa ya kufika kwa majira ya mji wa kufikia. Tuseme ndege imeondoka Perth saa 1 jioni, ikatua London saa 11 alfajiri. Kwa macho ni saa 10 tu. Lakini wakati wa kiangazi Perth huitangulia London kwa saa 7. Zikijumlishwa, jibu ni saa 17. Wakati wa kurudi, saa 7 hizo huondolewa. Tena pepo za juu, zivumazo kutoka magharibi kwenda mashariki, huisukuma ndege, na safari hupungua kidogo.

Hesabu hii yawafaa pia jamaa wa askari aliyekwenda masomoni ng'ambo, wanaomngoja Entebbe. Askari ameizoea kambini hesabu ya saa 24. Nyumbani watu huhesabu saa za mchana na za usiku. Tiketi ikiandikwa 19:00, hiyo ni saa 1 jioni. 07:00 ni saa 1 asubuhi.

Kosa kubwa zaidi hutokea katikati ya usiku. Tiketi yasema Jumanne, 00:30, yaani saa 6 na nusu usiku. Jamaa hula chakula cha jioni siku ya Jumanne, wakavaa, wakakodi gari, wakaenda uwanjani. Kumbe mgeni wao alitua usiku uliotangulia, Jumatatu ilipokwisha tu, akakesha peke yake juu ya sanduku lake.

Kwa hiyo, msafiri asiwapelekee watu wake tarakimu tupu. Na awaandikie kwa maneno: «Jumatatu mkimaliza kula, msilale, njoni uwanjani usiku huo huo.» Maneno hayo machache humwokoa mama na watoto na safari ya bure, naye msafiri akapokewa kama ilivyo desturi.