Kutawakali si Kufumba Macho

Ndugu Waislamu, kamati nyingi za madrasa hutamani kununua pikapu kuukuu ya kubebea mchele wa wanafunzi, maji na jeneza. Azma ni njema, kwani gari la zamani la fedha taslimu ni bora kuliko jipya la mkopo wa riba. Tatizo huja pale muuzaji anapokuwa ndugu wa msikitini. Hapo huona haya kuita fundi, tukasema: "Tumtegemee Allah."

Huko si kutawakali. Mtume (s.a.w.) alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Aidha, alipopita sokoni alitia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Basi kukagua bidhaa si kumdhania mtu vibaya. Chesisi iliyopakwa rangi juu ya kutu ni mfano wa rundo lile. Wala kauli ya "nauza kama lilivyo" haihalalishi kuficha aibu ambayo muuzaji anaijua.

Fedha za kamati ni amana, si mali yetu hata tuisamehe. Fundi alitazame gari chini, injini iwashwe ikiwa baridi, namba ya chesisi ilinganishwe na kadi, na mauziano yaandikwe mbele ya mashahidi, kwani Qur'ani (2:282) imetuelekeza tuweke mashahidi tunapouziana. Muuzaji akikataa ukaguzi, tuliache gari lake. Haya yetu kwa ndugu mmoja isije ikawa dhulma kwa watoto wa madrasa.

Wabillahi tawfiq.