Tezi, Omo na Ngama: Maneno ya Chombo ni Somo la Sayansi

Methali isemayo "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" hufundishwa katika shule nyingi za nchi hii, karibu na bahari na mbali nayo. Mwanafunzi wa Nyakunguru, mkoani Mara, huikariri, hueleza kwamba maana yake ni mtu kurudi alikotoka, naye hupata alama zake. Lakini akiulizwa tezi ni kitu gani, aghalabu hunyamaza. Pengo hilo si la lugha tu. Ni pengo la sayansi, na pengine la usalama wa maisha.

Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, na omo ni sehemu ya mbele. Mkuku ni gogo refu la chini linalotoka omo hadi tezi, ambalo juu yake hupangwa mataruma, yaani mbavu za chombo. Ngama ni mahali pa chini kabisa ndani ya chombo, ambapo maji yanayovuja hukusanyika. Hapo ndipo baharia hurudi kila mara kufua maji, yaani kuyateka na kuyamwaga nje.

Kwa nini baharia asiyaache maji hayo, ilhali chombo bado kinaelea? Jawabu lake ni fizikia tupu. Chombo kinapoinama upande mmoja, mzigo uliofungwa vizuri hubaki mahali pake. Lakini maji yaliyo huru hukimbilia upande ulioinama na kuongeza uzito huko huko. Mwinamo mdogo huzaa mwinamo mkubwa. Mwenye kulijua neno ngama kwa maana yake kamili amekwisha kuingia katika somo la ulinganifu wa vitu vinavyoelea.

Kadhalika neno farumi. Huu ni uzito unaowekwa chini ya chombo kisichokuwa na shehena ya kutosha, kusudi kitulie majini. Farumi hushusha kitovu cha uzito; abiria na mizigo wanaorundikana juu hukipandisha. Mnamo tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Kivuko hicho kilikusudiwa kuchukua abiria wapatao 100 tu. Maarifa ya abiria hayawezi kuchukua nafasi ya wajibu wa wakaguzi na manahodha. Hata hivyo, abiria aelewaye kwa nini chombo hupinduka anaweza kukataa kupanda kilichojaa kupita kiasi, wala hakimbilii upande mmoja pamoja na umati.

Pengine itasemwa kwamba maneno haya ni ya watu wa pwani, na Wakurya hawana haja nayo. Hoja hiyo ni dhaifu. Mto Mara, utokao nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita kati ya Tarime na Serengeti na kumwaga maji yake katika ziwa hilo hilo. Tena maneno ya baharini yamekwisha kufika bara zamani. Mtu asemapo kwamba mambo yamekwenda mrama, anatumia neno la mabaharia juu ya chombo kinachoyumba. Usukani wa gari ulikuwa kwanza wa chombo. Na rubani, kabla ya kurusha ndege, aliongoza merikebu. Nahodha lenyewe lina asili ya Kiajemi. Maneno husafiri kama shehena, na kila bandari huyapokea.

Hapana budi, hata hivyo, kuyatumia kwa akili. Kujaa na kupwa kwa maji ni jambo kubwa Tanga au Unguja, lakini katika Ziwa Viktoria ni dogo mno hata halionekani kwa macho. Tofauti hiyo nayo ni somo zuri la jiografia.

Wapo watakaodai kwamba mitihani ya sayansi ya sekondari hufanywa kwa Kiingereza, na kwa hiyo ni kupoteza wakati. Lakini dhana iliyoeleweka haipotei inapopewa jina la pili. Mwalimu asiye na maabara anaweza kutumia beseni, kopo na kokoto. Kokoto zikiwekwa chini ya kopo, hiyo ni farumi, nalo hutulia. Zikirundikwa juu ya kifuniko chake, hupinduka kwa kuguswa kidogo. Kisha kopo litiwe maji hadi nusu, liinamishwe, na wanafunzi waone maji yanakokwenda. Jaribio hilo huchukua dakika chache.

Yafaa basi walimu wa Kiswahili na wa fizikia washirikiane. Wa kwanza aifundishe methali kwa maana ya kila neno, na wa pili aonyeshe sababu ya kila neno kuwapo. Ziwa limekwisha kuchukua watu wengi, na wengi wa wanafunzi hawa watalivuka siku moja. Ni haki yao kujua kilicho chini ya miguu yao kabla nanga haijang'olewa.