Ukifeli mtihani wa vitendo, dai fomu ya alama kabla ya kudai leseni

Umewahi kuambiwa umefeli, ukauliza ulikosea wapi, ukajibiwa tu, "Jaribu tena"?

Rafiki yangu anayesomea kazi ya ambulensi alijibiwa hivyo. Nadharia alikuwa amepita, akabakisha mtihani wa vitendo. Aliingia chumbani akakuta mwanasesere sakafuni na mtahini ameshika fomu. Akavaa glavu, akakandamiza kifua, akachukua mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa. Maze, mfuko wenyewe ulikuwa umepasuka. Kila akiuminya, hewa inavuja pembeni. Akanyamaza, akaendelea. Matokeo yalipotoka, jina lake halikuwemo miongoni mwa waliopita.

Alikimbilia wapi? Kwenye grupu ya WhatsApp. Akaandika mistari thelathini, akapata "pole" arobaini. Wiki tatu baadaye bado alikuwa anasota nyumbani bila leseni, na ofisini hakuna aliyejua kwamba ana malalamiko.

Hapo ndipo vijana wengi tunajikwaa. Kosa la kifaa hutajwa papo hapo, kabla hujatoka chumbani. Sema kwa sauti: "Mfuko huu unavuja, naomba mwingine." Omba iandikwe kwenye fomu. Katika mtihani wa vitendo wa maparamediki wa Marekani, ambao bodi yao ya kitaifa iliachana nao mwaka 2024, mtahiniwa alitakiwa kuwasilisha malalamiko kabla ya kuondoka na kabla ya kujua matokeo. Ukilalamika baada ya kufeli, hata ukiwa na haki utaonekana unatapatapa.

Lakini wacha nikuambie jambo ambalo hutalipenda. Katika mitihani hii zipo hatua ambazo ukiruka moja tu umeanguka, hata kama zingine zote ulizifanya vizuri. Kuhakikisha eneo ni salama ni mojawapo. Usione kama ni uonevu. Mhudumu anayeshuka kwenye ambulensi Thika Road usiku bila kuangalia magari yanayokuja anaweza kuwa majeruhi wa pili. Kifua cha mtu mzima nacho hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke angalau sentimita 5. Ukipapasa tu, damu haitafika kwenye ubongo. Kwa hivyo jiulize kwanza, ukiwa peke yako: hatua ile niliifanya kweli? Kama hukuifanya, kubali, rudi mazoezini. Wewe una marudio, mgonjwa hana.

Na kama hujui ulikosea wapi? Basi hiyo ndiyo haki yako ya kwanza kudai. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kwamba uamuzi wa kiutawala ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari. Chini ya sheria ya mwaka 2016 kuhusu habari, ofisi ya umma inafaa kujibu ombi lako ndani ya siku 21. Ikikupuuza, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko, na huhitaji wakili.

Andika barua fupi. Taja tarehe, saa, kifaa kilichokuwa na hitilafu na aliyeshuhudia. Omba mambo matatu: nakala ya fomu yako ya alama, sababu za kufeli, na nafasi ya kurudia sehemu hiyo mbele ya mtahini mwingine. Usiandike "naomba mnipitishe." Hakuna anayepaswa kupitishwa kwa barua katika kazi ya kuokoa maisha.

Wapo watakaosema kizazi hiki hakijui kufeli, kila kitu ni kulalamika. Nakataa. Mtihani wenye vifaa vibovu na matokeo yasiyoelezwa haulindi mgonjwa. Humwangusha anayejua, humpitisha aliyebahatika kupata mfuko mzima, na huyo ndiye atakayetumwa kwa mamako akizirai. Mtahini anayejiamini hana sababu ya kuficha fomu.

Rafiki yangu hatimaye aliandika, akaitwa, akaonyeshwa fomu. Suala la mfuko lilikubaliwa. Lakini chini yake palikuwa na alama nyingine ambayo hakuitarajia: alianza kukandamiza kifua kabla ya kukagua kama mgonjwa anapumua. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni kweli."

Sasa anafanya mazoezi kila jioni, sekunde zisizozidi 10 za kukagua pumzi na mpigo wa moyo, kisha mikono kifuani. Angebaki kwenye grupu akipewa pole, angerudi mtihanini akilaumu mfuko na kuanguka kwa kosa lilelile.

Kwa hivyo usinyamaze, na usipige kelele za bure. Dai fomu, uisome yote, hata mahali panapouma.