KANGA YETU IPIGWE CHAPA KWETU

Wako watu wasemao kwamba kanga ni shauri la wanawake tu, na kwamba gazeti la chama lisipoteze wino kwa mambo ya mapambo. Sisi twasema hapana. Nguo aivaayo mtu ni habari ya mfuko wake, ya ustadi wake na ya heshima yake mbele ya wenzake. Katika pwani yetu mambo hayo matatu hukutana katika kanga kuliko nguo nyingine yoyote.

Tukumbuke ilikotoka. Katika karne ya 19 mtumwa alijulikana kwa nguo yake: merikani isiyo na rangi, au kaniki nyeusi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakajifunga kanga. Hawakuwa na gazeti wala baraza la kusemea. Walisema kwa nguo, na mji mzima ukaelewa kwamba hao si mali ya mtu tena.

Kanga hizo zilipigwa chapa Ulaya, na baadaye Uhindi na Japani. Lakini wenye viwanda hawakuwa mabwana wa mambo. Akina mama wa Unguja na Mombasa wakiikataa rangi au ua, marobota yalilala dukani na mwenye duka akala hasara. Ikabidi wauzaji wawaulize wanunuzi wataka nini. Huko Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuwa alianza kutia maneno. Tangu hapo kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Kwa jina hilo mke humjibu jirani, na mama humuusia binti yake, bila kufungua mdomo.

Siasa nayo haikubaki nje. Tangu mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipowaendea wanawake wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam na kuwaingiza TANU, kanga ilikuwa mikutanoni pamoja nao. Na baada ya uhuru, mwaka 1968, kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa kwa msaada wa Wachina, ili pamba yetu isokotwe, ifumwe na ipigwe chapa hapa hapa.

Leo je? Mkulima wa Shinyanga na Simiyu anainamisha mgongo msimu mzima, na sehemu kubwa ya pamba yake husafirishwa nje ikiwa ghafi. Kisha kanga nyingi madukani hutoka Uhindi, na mkulima yule yule humnunulia mkewe kwa bei ya mgeni. Wazee walisema: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wala tusiwalaumu wafanyabiashara peke yao. Sisi wenyewe wanachama tunajifunga kanga za chama, tunapiga vigelegele, na hatuulizi zimepigwa chapa wapi. Hatuulizi pia ni nani aliyechora pindo lile na mji ule. Mtunga mashairi tunamtaja kwa jina, lakini mchoraji wa kanga hatumtaji, kana kwamba maua yale yamejichora yenyewe.

Basi twasema hivi. Kila tawi linaloagiza kanga liulize kwanza kiwanda cha nchini, na likikosa, lieleze wanachama kwa nini limekosa. Mchoraji alipwe haki yake, na jina lake lijulikane. Na akina mama washauriwe kabla ya nguo kuchapwa, si baada yake, kwa maana wao ndio waliokuwa waamuzi tangu siku za marobota ya Ulaya.

Bibi zetu, wasio na kiwanda hata kimoja, waliweza kuwaamrisha wenye viwanda vya ng'ambo. Sisi tulio na pamba, wachoraji na nchi huru tutakuwa na udhuru gani?